Vioo Viwili kwa Kila Meza

Hewa ya Kilwa Masoko haipatani na kompyuta. Chumvi inaingia dirishani pamoja na upepo wa bahari, inatua kwenye saketi, na mwaka hauishi kabla mashine haijaota kutu mahali ambapo hata bisibisi haifiki. Ndiyo maana ofisi yetu ya ramani na upimaji, ambayo naomba nisiitaje jina, iliifungia seva moja kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mezani pakabaki kijisanduku kinachoonyesha tu kile ambacho seva imechora. Hesabu ilikuwa safi: kadi moja ya grafiki aina ya NVIDIA T4, memori gigabaiti 16, watumishi 16, skrini moja moja. Gigabaiti moja kwa kila mtu, nami fundi nikaenda zangu kula pweza.

Kisha mchora ramani akapewa skrini ya pili.

Kusema kweli alistahili. Kwenye moja anafungua picha za Kilwa Kisiwani zilizopigwa kutoka angani, magofu ya Husuni Kubwa yakionekana hadi lile bwawa lake la pembe nane. Kwenye nyingine anachora mipaka. Lakini mhasibu alipita nyuma yake, akasimama, akatazama, akaondoka bila neno. Kesho yake katibu muhtasi, ambaye kwa umri angeweza kunizaa, akaniamkia shikamoo. Nikajua limeshaharibika jambo.

“Fundi, na sisi tupatie vioo vya pili.”

“Vya kazi gani, mama?”

“Kwani yule mwenzetu ulimuuliza?”

Mhasibu alikuja na kikokotoo. Nilikuwa nimemweleza kwamba skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, kila pikseli inachukua baiti 4, jumla baiti 8,294,400, yaani kama megabaiti 8. Akanibana hapohapo: “Gigabaiti ni megabaiti elfu na ushee. Vioo vyangu viwili havifiki hata 17. Zinazobaki unampelekea nani?”

Swali la mhasibu hasa hilo. Jibu lake ni kwamba ile picha unayoiona mwishoni ndiyo yenye njaa ndogo kuliko zote. Windows inatunza picha ya kila dirisha ulilofungua, hata lililofunikwa na jingine, ndipo inaziunganisha. Kivinjari nacho kinachota memori kivyake. Na mtu akipewa skrini ya pili, haongezi pikseli tu. Anapata ruhusa ya kutofunga kitu chochote tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

Wapimaji niliwaeleza kwa lugha yao. Memori ya kadi hukatwa viwanja. Kwa mpangilio wetu, viwanja vyote vya kadi moja ni sawa kwa ukubwa, na kikishagawiwa, jirani haruhusiwi hata kuanika dagaa humo, ingawa mwenyewe yuko likizo Nachingwea. Prosesa ya kadi hutumika kwa zamu. Memori haina zamu. Ukitaka kumpa mmoja gigabaiti mbili, kadi nzima inakatwa mbilimbili, na watu 16 wanakuwa wanane.

“Kwa hiyo nusu ya ofisi haina kiwanja?” mkuu akauliza.

“Ndiyo, mkuu.”

“Basi ongeza kadi.”

Kadi ya pili ikatoka Dar es Salaam kwa basi mwanzoni mwa Mei 2024, wakati uleule kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizoikata barabara kuu huko Somanga. Kadi ikabaki ng'ambo ya maji. Vioo vya pili vilikuwa vimeshafungwa mezani, vyeusi tii, vikifutwa vumbi kila asubuhi kwa heshima zote. Kimoja kilibandikwa kalenda. Mama katibu alikuwa akijitazamia ushungi kwenye chake, kwa hiyo chake ndicho pekee kilichokuwa kazini.

Kadi ilipofika tulizikata zote mbili kwa gigabaiti mbilimbili, wote 16 wakaenea, pakawa na amani hadi siku ya Simba na Yanga. Vijana wakaivuta runinga ya 4K ya chumba cha mikutano, wakaichomeka kwenye kijisanduku cha katibu, juu ya vioo vyake viwili. Skrini ya 4K ni sawa na skrini nne za kawaida. Tena pikseli zake ni 8,294,400, namba ileile ya baiti za skrini moja ya kawaida. Utamu huo niliufurahia peke yangu, maana wenzangu walikuwa wanasubiri kona. Mpigaji akainua mguu, na mguu ukabaki juu. Kiwanja cha katibu kilikuwa kimejaa pomoni, na prosesa nayo ikalemewa na video hiyo hadi zamu za wengine wa kadi ile zikachelewa. Shabiki wa Yanga akasema ni hujuma. Wa Simba akasema hivyohivyo. Sijawahi kuwaona wakikubaliana tena.

Utaratibu wa sasa ni huu. Vinahesabiwa vioo, si vichwa, na matumizi yanapimwa mwisho wa mwezi, kazi zinapopamba moto. Mchora ramani na mhasibu wana viwili. Wengine kimoja, akiwemo mkuu. Runinga ina king'amuzi chake na haigusi seva. Anayetaka kioo cha ziada alete barua ya kueleza atakachofungua humo, na “mwenzangu anacho” si maelezo.