Lebo Ilisema 44

Alama za mpira bado ziko shingoni na begani, nyekundu, kama za punda aliyefunguliwa nira juzi, na leo ni Jumatano. Jumamosi nilikwama ndani ya nguo ya kuogelea katikati ya soko la Gakoromone, mjini Meru, mikono juu, miwani ikining'inia sikio moja. Tangu siku hiyo hata sukuma wiki nanunua upande wa Makutano.

Kosa ni la goti. Daktari alilibonyeza, likalia, akaniambia niogelee mara tatu kwa wiki, kwa sauti ileile ya kuandika vidonge. Ndipo mimi na mwenzangu Mama Kendi tukashuka sokoni.

"Mathe, hii ni kamera," kijana muuzaji akaapa. Kamera, kwa lugha ya mitumba, ni nguo za chaguo la kwanza, zile zinazonyakuliwa belo likikatwa tu. Masalio huitwa fagia. Hiyo kamera yake ilikuwa nyeusi, ya kipande kimoja, na kiunoni imezungushwa kile kijisketi wanachoshonewa wanawake waliovuka arobaini, ili mapaja yapate pa kujisitiri. Akasoma lebo, akanitazama usoni, akaisoma tena. "Ona, hata miaka yako wameandika. Arobaini na nne."

Nina arobaini na saba. Kwa hesabu, alinisifu. Niliudhika vilevile.

Chumba cha kujaribia kilikuwa leso: Mama Kendi kashika pembe moja, binti wa kuuza soksi kashika nyingine. Nami, kwa kuwa niliona sketi, nikadhani gauni. Nikaivaa kwa kichwa. Kichwa kikaingia tundu la mguu, mkono wa kulia ukafuata kichwa, wa kushoto ukaenda kuutafuta wa kulia, kisha mpira ukafunga kama kitanzi cha sungura. Nikaita, "Mama Kendi." Mama Kendi akachungulia, akacheka, na mtu anayecheka hawezi kushika leso. Mhubiri aliyekuwa akiunguruma kwenye kipaza sauti kando ya nyanya akanyamaza. Wewe fikiria, mhubiri wa soko kunyamaza! Namshukuru Mungu nilikuwa na taitsi na fulana ndani. Mtu akasema ikatwe kwa wembe, kijana akapiga kelele, "Msikate, ni kamera!" Basi wakavuta, watatu, mmoja wao bodaboda ambaye hajawahi kutambulishwa kwangu. Nguo ikalia kr-kr-kr, ikanitema. Nikalipa shilingi 300 kwa nguo ambayo sasa ingemtosha bodaboda.

Na hata ningeivaa kwa miguu kama watu, isingenitosha. Ile 44, kwa faida ya kijana yule, ni kipimo cha Ulaya bara. Mwili uohuo ukivuka hadi Uingereza unakuwa 16, ukiendelea mpaka Marekani unakuwa 12. Kadiri unavyosafiri magharibi ndivyo unavyokonda, bila kuacha chapati hata moja. Lakini lebo zote tatu hazina habari na urefu wa kiwiliwili, na nguo ya kipande kimoja inaishi na kufa kwa kiwiliwili. Chukua utepe wa fundi: anzia begani, shuka kifuani, pita katikati ya miguu, panda mgongoni, rudi begani palepale. Mzunguko huo ndio nguo. Ikikupungukia vidole vinne, ama mabega yainame, ama huko chini kuumie.

Ule mlio nao ungeniokoa, laiti ningeujua. Nguo hizi hufumwa kwa nailoni au poliesta pamoja na spandeksi, uzi ambao mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, aliupata mwaka 1958 akitafuta mbadala wa raba, raba hiyohiyo iliyokuwa ikibana matumbo ya wanawake. (Kumbe hata uzi wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya tumbo langu.) Huvutika mara tano ya urefu wake ukarudi. Klorini ya bwawa huula kidogo kidogo, na nguo ikiwa kavu huoni kitu kwa kutupia jicho tu. Basi ivute karibu na sikio: ikilia kama karatasi ya krispi, uzi umekufa. Iinulie juani: ukiona mwanga kama kwenye chujio la chai, irudishe kwa heshima, maana ikilowa itakushuka mpaka magotini. Poliesta huvumilia klorini kuliko nailoni. Siku hizi napita vibandani nikizisikiliza nguo, na wauzaji hunipisha kama mgonjwa.

Agosti, kabla ya kisa cha sokoni, kwenye bwawa la hoteli moja Embu, nilikwenda na taitsi na fulana. Mlinzi akaninyooshea ubao: nguo rasmi za kuogelea tu. Sawa, pamba hunywa maji na nyuzi zake huziba machujio, nakubali. Lakini nyuma yake wanaume watatu walikuwa majini na kaptura za kandanda, zenye mifuko. Nikauliza. "Hao ni wanaume, mama."

Hapo sicheki. Kaka zangu walijifunza kuogelea mtoni Kathita, uchi, bila ubao wala lebo. Sisi wasichana tulishuka mto uleule na mitungi, na aliyechelewa kupanda aliulizwa alikuwa anaonyesha nini na kwa nani. Leo nina goti na nimepewa ruhusa, na kila ninayemwuliza habari za nguo anaijua inayoficha tumbo, inayoficha mapaja, inayoficha mikono. Hakuna aliyenitajia inayomwachia mtu ainue mkono.

Jumatatu nilinunua mpya, ya dukani, yenye sketi.

Jana, Embu, sketi ilielea, ikanizunguka kama jani la yungiyungi.

Nilishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, maji kifuani. Mtoto wa kama miaka saba akazama, akaibukia mbele yangu, akafuta macho. "Shosho, achilia chuma."

Nikamwambia mimi si shosho yake.

Akafikiri kidogo. "Kwani wewe ni shosho wa nani?"