Sifa za Mtaro wa Majengo

Katika karne ya 2, mwandishi Lucian wa Samosata alikaa chini akamwandikia nzi sifa: wembamba wa mbawa zake, ushujaa wake, na jinsi anavyokula jasho la wengine bila kulima. Mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam naye akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Zote mbili kazi nzuri, ila zimepungukiwa. Nzi kasifiwa, mamake kaachwa. Upumbavu umesifiwa, kazi ya mikono yake haikutajwa. Leo nalilipa deni hilo. Nausifu mtaro wa Majengo, sehemu ya Pumwani, Nairobi. Ule mtaro wa wazi unaofuata vichochoro vya Pumwani ukiteremka upande wa Gikomba na Mto Nairobi, mweusi, mzito, mtulivu, usio na haraka na mtu.

Nitaambiwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtaro hauna hatari hiyo. Maji yote umekwisha kuyatia.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa hutajwa kwa ukoo wake. Mtaro huu umezaliwa katika ndoa halali. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Baraza la Manispaa ya Nairobi lilipima Pumwani kuwa mtaa wa Waafrika, ili waondolewe katika vijiji walivyokuwa wamejijengea sehemu mbalimbali za mji. Baraza lilichora njia, likagawa viwanja, likaweka mabomba ya maji na vyoo vya shirika. Kisha likamwambia mwenyeji: kiwanja ndicho hiki, nyumba utajenga mwenyewe. Watu wakajenga kwa fito, udongo na madebe yaliyopasuliwa, na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mgawanyo wa kazi ukawa umekwisha kupangwa: mama afagie mlangoni pake, baraza lishughulike na vinavyopita nje ya mlango. Mama hajaacha kufagia.

Na malezi? Malezi yalikuwa ya gharama. Baraza lilifungua kilabu cha pombe hapo hapo Pumwani, likajipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe, na faida yake ikatengwa kugharimia huduma za Waafrika. Mtaa wenye msikiti na madrasa ukawa unahudumiwa kwa hela ya kilabu. Kwa hiyo anayeshangaa leo kuuona mtaro ukipepesuka, ukienda kushoto penye kulia, ukalala katikati ya njia adhuhuri, asiulaumu. Ndivyo ulivyolelewa.

Tuje kwenye elimu. Usafi wa mji huu umetoa wanafunzi mashuhuri. Tom Mboya, kabla ya kuwa waziri, kabla ya ndege za wanafunzi waliokwenda Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, kazi ya kuchungulia maziwa, vyoo na taka. Humo ndani aliona Mzungu akilipwa zaidi kwa kazi ileile. Akawakusanya wenzake, na kutokana na wafanyakazi wa usafi na ofisi za baraza kikatoka chama cha wafanyakazi kilichompandisha hadi siasa za taifa. Vyuo vya ng'ambo vitatamba kwa wahitimu wao. Sisi tuna uchafu uliomtoa Mboya.

Lakini fadhila inayonifanya nivue kofia ni uimara. Baraza la Manispaa lilianza mwaka 1919. Mwaka 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji. Mwaka 1983 serikali kuu ikalisimamisha Baraza la Jiji, na Tume ikatawala hadi 1992. Baraza likarudi. Mwaka 2013 likazikwa, kaunti ikazaliwa. Mwaka 2020 kazi za umma zikahamishiwa NMS, idara ya serikali kuu chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Mwaka 2022 zikarejea kwa kaunti, City Hall. Mipango mikuu ya jiji nayo imekuja na ramani zake za rangi: wa 1948, wa 1973, wa 2014. Kila aliyeingia ofisini aliukuta mtaro, na kila aliyetoka aliuacha. Katika nchi ambayo bango la mheshimiwa halimalizi miaka mitano ukutani, niambieni ni taasisi gani nyingine ya umma imekaa na wananchi wa Majengo muda huo wote bila kuhama, bila kugoma, bila kwenda semina Naivasha.

Fadhila ya pili ni umoja. Katika makaratasi, maji ya mvua yana njia yake na maji taka yana njia yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti maji ya mvua ya mijini pamoja na maji safi na usafi. Kampuni ya maji na maji taka ni mali ya kaunti, lakini ina meneja wake na ankara zake. Barabara nyingine za jiji ziko mikononi mwa KURA, mamlaka ya serikali kuu iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Wanasheria wametenganisha, mtaro umeunganisha. Ndani yake maji ya mvua, maji ya kufulia, maji ya choo kilichofurika na mafuta yaliyokaangiwa viazi karai yanakwenda pamoja, bila kuulizana kabila wala wizara. Mwenyeji akipeleka malalamiko, ofisi ya kwanza itamwambia haya ni maji taka, nenda ya pili. Ya pili itamwambia huu ni mtaro wa barabara, nenda ya tatu. Ya tatu itamuuliza kwa upole, kwani hiyo barabara ni ya nani? Watu wa Majengo wamejifunza mfumo wa ugatuzi kwa miguu, na viatu vyao ni ushahidi.

Mtaro unafunza adabu pia. Ijumaa, mwenye kanzu nyeupe akielekea Msikiti wa Riyadha huinua pindo kwa mkono mmoja na kutazama anapokanyaga. Mtu hatembei na kiburi mahali kama hapo. Unafunza na riadha. Mtoto wa miaka saba aliyezoea kuruka mtaro akiwa na chupa ya mafuta taa mkononi hahitaji kufundishwa kuruka mbali. Anahitaji tu skauti wa michezo apite huku siku moja, akiweza kupita.

Na ajira je? Mvua ikishuka, kijana huweka ubao juu ya maji na kusimama kando yake: kuvuka ni shilingi kumi. Hilo ndilo daraja pekee mtaani linalojengwa bila tenda, likakamilika siku hiyohiyo, na likatumika mvua ikiwa bado inanyesha. Mwenye mkokoteni huvusha abiria na mizigo. Serikali nayo imewahi kuja kuchota katika kisima hiki cha ajira: mwaka 2020, wakati wa korona, mpango wa Kazi Mtaani uliwapa vijana wa mitaa kama hii koleo na buti wakazibue mitaro. Walifanya kazi ya kweli, na maji yakaonekana yakitembea.

Hapa niwaeleze wasomaji wa mitaa mingine jinsi mtaro unavyozibuliwa, maana ni ufundi. Tope hutolewa kwa koleo na kuwekwa ukingoni likauke, lori lije kulizoa. Picha hupigwa. Lori haliji. Inakuja mvua, inalisukuma tope lote lirudi lilikotoka, na kazi inakuwa tayari kufanywa tena. Tazameni hekima hiyo: mali ghafi haiishi, soko halifi, na taarifa ya utekelezaji ya mwaka jana inafaa mwaka huu baada ya kubadilisha tarehe.

Wapo wanaoukashifu mtaro wetu. Wanasema umeziba kwa sababu watu wa Majengo ni wachafu. Mahali pengine, maji yakijaa barabarani Westlands au South C, magari ya bei yakazimika, tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi na miundombinu iliyoelemewa. Yakijaa Pumwani ni tabia za wakazi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Sikatai kwamba tunatupa. Nepi za watoto zimo, chupa za soda zimo, majivu ya jiko yamo, na marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 haikuwahi kuufikia mtaro kwa maandishi. Lakini mtu hutupa takataka mahali ambapo gari la taka halipiti, na gari la taka halipiti mahali ambapo njia imekwisha kuliwa na mtaro. Hata kwa hilo nausifu: unajilisha wenyewe.

Kosa lake ni moja tu, nalo si lake. Umekaa mbali na pua zinazohusika. Mwaka 1858, wakati wa joto kali, Mto Thames uliokuwa umejaa kinyesi cha London ulinuka hadi ndani ya Bunge la Uingereza. Mapazia ya bunge yalilowekwa dawa ya chokaa, na harufu haikusikia dawa. Wabunge waliokuwa wamevuta miguu kwa miaka mingi wakapitisha sheria kwa wiki chache, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mfumo wa maji taka ambao sehemu yake inatumika mpaka leo. Kutoka Majengo hadi City Hall hazizidi kilomita nne. Upepo wa Nairobi, kwa bahati mbaya, hauna mwelekeo wa kisiasa.

Niseme sasa bila mzaha, maana sifa za uongo zina mpaka. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 250 nchini Kenya. Nairobi, waliofikwa zaidi walikuwa wakazi wa mabondeni, Mathare na Mukuru na kandokando ya mito. Baada ya mafuriko serikali ilileta matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa karibu na mito. Kwa wiki kadhaa kila kiongozi alikuwa na buti za mpira. Mtaro ulioziba tangu mwaka uliotangulia haukupata tingatinga. Ulihitaji koleo.

Na koleo ndilo gumu kulipata, kwa sababu ya namna tunavyoandika bajeti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 kwa maendeleo. Nia ni njema: pesa zisiishie kwenye mishahara. Lakini kuchimba mtaro mpya ni maendeleo. Kuna tenda, kuna bango, kuna utepe na mkasi. Kuuzibua ni matumizi ya kawaida, yanatiwa kapu moja na mishahara, chai na mafuta ya magari, na kapu likipungua koleo ndilo linalotangulia kukosa. Mtoto akizaliwa nyumba hujaa wageni. Akiugua usiku hubaki na mamake. Hela za matunzo tunazitoa vilevile. Tangu katikati ya 2024 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 za kutunza barabara, badala ya 18 za zamani, na kaunti na wabunge wakafikishana mahakamani kugombea nani azishike. Mwendesha boda boda aliyekwama Pumwani akisubiri maji yapungue amekwisha kuulipia huo mtaro alipojaza tangi asubuhi.

Basi, ndugu msomaji wa Majengo na wa mtaa wowote wenye mtaro kama wetu, bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Mjumbe wa bunge la kaunti (MCA) akiita kikao, nenda, hata kama soda ni chache. Usiombe mtaro mpya. Utapewa, na utepe juu. Omba uliopo uzibuliwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, tarehe zibandikwe ukutani kwa chifu. Omba lori la kuzoa tope liwe katika mkataba mmoja na koleo, na mkandarasi asilipwe tope likiwa bado ukingoni. Omba ofisi moja, yenye jina na nambari ya simu, ijibu kwa niaba ya zile tatu. Na nepi ya mtoto tuifunge, tuisubirishe gari la taka, hata likichelewa.

Yakifanyika hayo nitazifuta sifa zangu zote. Mtaro unaofanya kazi yake haustahili makala.