Sema Bei ya Mwisho

Mwaka wa serikali ya Uganda huisha tarehe 30 Juni. Mwaka wa wateja wangu huisha tarehe 31 Desemba, saa tano na nusu usiku. Sheria imempa mlipa kodi miezi sita ya kupeleka ritani yake ya mapato kwa mamlaka ya mapato, URA, na mlipa kodi wa Kampala si mtu wa kupoteza alichopewa: anaitumia yote. Julai anasema bado mapema. Septemba ana ada za shule. Novemba ni msimu wa senene, na nani ataacha kuchambua senene aje kuchambua risiti? Desemba ikifika katikati, simu yangu inaanza kulia, na kila anayepiga ana salamu ileile: "Ssebo, hii yangu ni kazi ya dakika tano tu."

Mimi ni wakala wa kodi. Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofani, karibu na Old Taxi Park, mahali ambapo makondakta wanaoita abiria wa Ntinda na Kireka husikika vizuri kuliko mteja aliyeketi mbele yangu. Watu hudhani kazi yangu ni hesabu. Hesabu inafanywa na kompyuta. Kazi yangu hasa ni kukataa kupatana bei.

Mji huu kila kitu kina bei ya kwanza na bei ya mwisho: shati la soko la Owino, safari ya boda, chumba cha kupanga, hata mahari, ambayo ina wasemaji wake maalumu wa kuipandisha na kuishusha. Mtu aliyekulia humo ukimtajia kodi yake, yeye amesikia bei ya kwanza. Anacheka, anavuta kiti karibu, anaanza kukuita bosi. Kisha anashusha sauti: "Haya, sasa sema bei ya mwisho."

Nina Hajati mmoja, muuza vyombo wa Kikuubo, ambaye huniletea mwaka wake mzima ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki mweusi. Ukiimimina mezani utakuta risiti za mashine zilizofutika kwa joto hadi hazina hata herufi moja, kadi za michango ya harusi, karatasi ya zahanati, na risiti moja ya gomesi, vazi la kike la sherehe, ambayo, kwa bahati mbaya, inasomeka vizuri kabisa.

"Na hii gomesi, Hajati?"

"Ya biashara, mwanangu. Niliivaa kwenye sherehe ya kwanjula ya binti wa mteja wangu. Nisingekwenda, yule mama angerudi kununua sufuria kwangu?"

Sheria inaruhusu kutoa gharama zilizotumika kutafuta mapato, na kusema kweli nimesikia hoja dhaifu kuliko hiyo kutoka kwa watu wenye digrii. Hata hivyo nikamwambia gomesi haiingii.

"Basi weka nusu."

"Hajati, hakuna nusu."

"Basi mshipi wake tu."

Yeye angalau anakuja na karatasi za kweli. Kuna kijana wa vifaa vya ujenzi aliyeniletea kitabu cha risiti za muuza saruji, kilichokuwa bado kinanuka wino wa wapiga chapa wa Nasser Road. Risiti ya kwanza ilikuwa ya Julai, namba 001. Ya mwisho ilikuwa ya Juni, namba 050. Zote zilikuwa na mwandiko mmoja na kalamu moja ya buluu iliyoanza kuishiwa wino kwenye mwezi wa Machi, na kwa mujibu wa namba zile, muuza saruji huyo hakupata mteja mwingine yeyote mwaka mzima. Nikamweleza kuwa tangu 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa risiti za kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS, na kwamba nikikosa risiti hiyo kutoka kwa muuzaji anayepaswa kuitoa, gharama yake siwezi kuiondoa kwenye mapato. Akakitazama kitabu chake kwa huruma. "Kwa hiyo hata hizi tarehe nilizokesha nikipanga ni bure?" Ni yuleyule ambaye Aprili 2024, wafanyabiashara wa katikati ya mji walipofunga maduka kuilalamikia EFRIS hiyohiyo, alinipigia simu kuuliza kama siku za mgomo zinaandikwa upande wa hasara.

Wako pia wasio na mapato. Hawa wengi walichukua namba ya mlipa kodi, TIN, ili wasajili pikipiki au gari, wakaisahau, hadi jirani alipowatisha kwa habari za adhabu. Mmoja alikuja anatetemeka.

"Sina kazi, sina duka, sina chochote. Nitaandika nini?"

"Utaandika sifuri."

"Na wewe unatoza ngapi?"

"Elfu thelathini."

"Elfu thelathini kwa sifuri? Sifuri mbili je?"

Halafu kuna suala la neno la siri. Mteja wa Kampala hajui neno lake la siri, kwa sababu hakulitunga yeye. Lilitungwa na kijana wa intaneti kafe ya Wandegeya, ambaye pia ndiye aliyemfungulia baruapepe. Ukitaka kulibadilisha, ujumbe unakwenda kwenye baruapepe hiyo, na kijana sasa ni mlinzi Dubai. Nimewahi kungoja zamu yake iishe kule Ghuba ndipo mwenye maduka wa Kampala aweze kutangaza mapato yake kwa serikali yake.

Kuchelewa kuna bei, na hiyo ndiyo bei pekee ninayoitaja bila kukatizwa: adhabu ya kuchelewesha ritani ni shilingi 200,000 au asilimia 2 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi, kwa kila mwezi. Lakini hata hapo watu wana imani yao. Serikali iliwahi kusema kwamba atakayemaliza deni la kodi yenyewe kufikia 31 Desemba 2023 atasamehewa riba na adhabu, kisha ikasogeza siku hiyo hadi 31 Desemba 2024. Tangu hapo nina wateja ambao hawakwepi kodi hata kidogo. Wanangoja msamaha ujao.

Mkesha wa mwaka mpya ndio soko lenyewe. Wateja wamekwisha kwenda vijijini kula sikukuu, na sasa wananipigia wakiwa juu ya kichuguu kimoja huko Masaka au Mbarara, ambako ndiko mtandao unapatikana. Nauliza mauzo ya mwaka, nasikia ng'ombe. Nauliza tena, mtu ananijibu "milioni..." simu inakatika. Hapa mjini watu wanaelekea kwenye mikesha ya maombi, na mimi namwombea mtu aliye kichuguuni apate vijiti viwili vya mtandao.

Katika hali hiyo, jioni ya siku ya mwisho, ndipo alipoingia mzee mwenye nyumba za kupanga, vyumba kumi kule Bwaise. Umeme ulikuwa umekatika na betri ya kompyuta yangu inakaribia kukata roho. Mzee akaketi, akaweka kofia magotini, akaniarifu kwamba mwaka huu vyumba vyote vilikuwa vitupu. Kabla sijajibu, simu yake ikalia mlio wa pesa kuingia. Akaitazama. Ikalia tena.

"Vitupu vinalipa vizuri, mzee," nikasema.

Tukapiga hesabu pamoja. Vyumba kumi, kila kimoja 150,000 kwa mwezi, ni milioni 18 kwa mwaka. Ondoa 2,820,000 zisizotozwa, zinabaki 15,180,000. Asilimia 12 yake ni 1,821,600. Akataka tuondoe rangi ya ukuta. Nikamwambia siku hizi mtu binafsi hutozwa kwenye pango lote linalozidi kiwango kile, gharama hazihesabiwi.

"Milioni moja," akasema. "Taslimu. Sasa hivi."

"Mzee, hizi si zangu."

"Ndiyo maana nakuomba upunguze. Zisizo zako zinakuuma nini?"

Swali hilo halina jibu katika kitabu chochote cha kodi. Mwishowe akalipa, yote, kwa simu, akibonyeza tarakimu mojamoja na kunitazama kila baada ya moja, endapo nitabadili mawazo. Tulipofika kwenye malipo yangu akanipunguza kwa theluthi bila jasho. Kisha akasimama na kuvaa kofia.

"Kijana, enzi za kodi ya kichwa, kabla hawajaifuta mwaka 2005, chifu akija na askari wake tulikimbilia kinamasini. Tulijificha humo mpaka jioni, bure kabisa. Leo nakulipa wewe unipeleke kwake."