Mhadhara Mkuu wa Kura na Bangi, Mnadani Katesh

Waheshimiwa wafugaji, wakulima wa ngano wa Basotu, wauza vitunguu saumu kutoka Mbulu, na ninyi vijana mliokalia bodaboda bila nidhamu ya kitaaluma: tulieni. Mbele yenu amesimama bingwa. Shahada sikuitafuta, maana sikuona chuo chenye ubavu wa kunipima.

Tuanze na kura. Nimepata habari za uhakika, kwa mtu aliyezipata kwa konda wa basi la Babati, kwamba kura za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 zinakaguliwa upya. Na nani? Tume ya Jaji Chande! Namwona mwalimu mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. Anasema tume ile iliundwa kuchunguza vurugu na vifo vya uchaguzi huo, si kuhesabu kura. Hayo ndiyo matatizo ya watu wanaosoma. Anaongeza kuwa ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, na kwamba Mahakama ya Afrika, iliyopo hapo Arusha, ilikwishasema mwaka 2020 kuwa kifungu hicho kinavunja haki. Vyema sana. Mahakama ina hukumu yake, Katiba ina kifungu chake, nami nina konda wangu.

Samahani, ninuse ugoro kidogo.

Sasa bangi. Vijana wanabishana mpaka mate yanawakauka: huyu anasema ni majani tu kama mchicha, yule anasema pafu moja umekwisha. Wamarekani walichapisha utafiti mwaka 1994: kati ya watu 100 waliowahi kuonja bangi, kama 9 walinasa. Pombe, 15. Tumbaku, 32. Hesabu ni nyepesi: kijiwe chenu kina vijana 8, hamfiki 9, kwa hiyo hakuna aliyenasa!

Mwalimu tena! Ati wanaoanza wakiwa wadogo hunasa zaidi. Ati mzoefu akiiacha hukosa usingizi, hufoka ovyo, chakula hakipiti. Mwalimu, dalili hizo ninazo mimi kila alfajiri kabla ya ugoro, na bangi sijawahi kuigusa. Hoja yako imekufa. Ngoja ninuse tena.

Mnauliza mbinu zangu za utafiti. Mwaka 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi bungeni, miguu juu kichwa chini, akidai lami ya barabara ya Mbulu. Nami hugeuza jambo vivyo hivyo: kwanza jibu, ushahidi utafuata ukipata nafasi.

Ndiyo, mama, wewe mwenye mbuzi wawili. Sema. Anauliza: "Mwanangu, unakagua nini? Mshindi alitangazwa kwa asilimia 97.66, na CHADEMA haikuwemo hata kwenye karatasi ya kura. Unatafuta kura zilizopotea au wapinzani waliopotea?"

Mama, swali hilo liko nje ya mada. Tena usicheke, mwalimu. Nawe, kijana, zima pikipiki.

Jamani, nani ana ugoro? Kikopo changu kimekauka, mikono imeanza kutetemeka, na siwezi kuingia sehemu ya pili hivi. Hata wa kukopa, nitalipa mnada ujao. Harakisheni basi, sehemu ya pili ndiyo inayohusu uraibu.