Kiboko wa Kwetu Amepewa Jina

Wanaoandika orodha za mahali pa kupeleka watoto Mombasa hawajawahi kusafiri na watoto wa Adu. Orodha zote zinaanza na wanyama. Mtoto wa Adu, kule Magarini ndani ndani, wanyama anao tele. Tumbili humvunia mahindi kabla hayajakomaa, nyani hupishana naye njiani akienda shule, na kwa mjomba wake Garashi, ukingoni mwa mto Sabaki, kuna mamba asiyedai kiingilio.

Likizo ilipofika, kaka yangu akanikabidhi wanawe watatu pamoja na nauli isiyotosha. "Dada, wapeleke nao wakaone mji." Basi tukashuka na vumbi letu hadi Malindi, tukapanda matatu ya Mombasa. Konda akanitazama, akawatazama watoto, akasema, "Shangazi, huyo na huyo pakata." Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na mtoto wa gredi ya nne aliyeshiba muhogo si mzigo wa kupakatwa mwendo huo. Tulipovuka daraja la Kilifi sikuwa tena na habari za miguu yangu.

Tulianzia Haller Park, Bamburi. Kwa haki, pale pana hadithi ya kusimuliwa. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe matupu, mpaka miaka ya 1970 René Haller alipoanza kupanda mivinje juu ya mawe yale. Majani yakadondoka yasioze, akaleta majongoo wayale wayageuze udongo. Leo ni msitu. Mimi nilistaajabu. Kitinda mimba naye alitaka kujua kama majongoo walilipwa.

Kisha tukasimuliwa habari za Owen na Mzee. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyekutwa baharini Malindi, peke yake, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Akaokolewa, akaletwa Bamburi, na huko akamwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake. Dunia nzima ikalia machozi, vitabu vikaandikwa. Wanangu hawakulia. Wakakonyezana.

"Shangazi, huyo Owen ni wa Sabaki?"

"Ndiyo, inasemekana aliteremshwa na mto huo."

"Basi ni wa ukoo wa wale wanaokula mahindi ya mjomba. Mbona wale tunawapigia madebe usiku kucha, na huyu akapewa jina?"

Swali hilo sikulijibu, na sijapata wa kulijibu mpaka leo.

Tukatoka, tukakaa chini ya mti kando ya barabara, nikafungua mfuko wa mahamri na viazi karai. Tumbili akashuka. Watalii wawili waliokuwa wakipita wakafurahi, wakatoa simu wapige picha. Mpwa wangu mkubwa akatoa panda. Sikujua kwamba aliibeba. Aliificha kwenye soksi tangu Adu. Jiwe lilipita juu ya kichwa cha tumbili na likapiga bati la kibanda cha mama wa madafu, aliyetoka na panga mkononi kuuliza nani amemlipua. Katika purukushani ile tumbili alichukua mahamri, akaacha viazi. Nadhani alionja chumvi kwanza. Dafu tulilazimika kununua, tena kwa bei ya msamaha.

Fort Jesus haikutuchukua muda. Ngome ya Wareno, ilianza kujengwa 1593, mizinga imejipanga, kuta ni nene. Mwelekezi akaeleza jinsi Waomani walivyoizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Yule wa katikati akauliza waliokuwa ndani walikula nini miaka yote hiyo. Akajibiwa kwa kirefu. Akasikiliza kwa adabu, kisha akanigeukia: "Na sisi?"

Kutafuta chakula ndiko kulikotufikisha kwenye jengo moja la maduka lenye ngazi za umeme. Watoto walizipanda kama waliozaliwa nazo. Mimi nilisimama chini nikivizia kidato cha kukanyaga, foleni ikinirefukia nyuma. Mwisho nikajitosa. Mguu wa kulia ulipanda, wa kushoto ukabaki Adu. Baba mmoja mwenye kanzu akanishika kiwiko, akanisindikiza mpaka juu akinipa pole kila kidato, na wanangu wakashangilia wakiwa huko juu.

Jioni tukaenda Likoni. Nilikusudia tuvuke mara moja tu, waone meli, turudi. Feri ilipong'oa nanga, kelele zikaisha zenyewe. Walishika vyuma, wakatazama maji yakipasuka, mikokoteni ya nazi, akina mama na ndoo za samaki, meli ya makontena ikipita karibu kiasi cha kuhesabu madirisha. Tulipofika ng'ambo wakauliza tunaenda kwa nani. Nikawaambia hatuendi kwa mtu. Basi turudi! Tukarudi. Kisha tukavuka tena, na tena, mpaka askari wa zamu akaanza kutusalimia kama majirani.

Nyumbani, nyanya yao alipowauliza Mombasa kuna nini, Owen hakutajwa, wala Wareno. Walisema kuna nyumba inayoelea na kuna ngazi iliyotaka kumla shangazi.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuleta watoto mjini, anzia Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi hata senti. Na kabla hamjaondoka nyumbani, kagua soksi.