Ngeli Tano za Usahihi: Mashine ya CNC Inapoingia Karakana ya Lufingo

Wanasarufi waliketi wakazigawa nomino za Kiswahili katika ngeli, wakaheshimika. Usahihi wa karakana haujapata bahati hiyo, ingawa ndani ya banda moja mbao hupimwa kwa usahihi wa namna nyingi na hakuna anayeziweka kwenye makundi. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni Lufingo, kata ya wilaya ya Rungwe, jirani na mji wa Tukuyu. Kichocheo cha utafiti ni mashine ya CNC ya kuchonga mbao iliyoagizwa kutoka China. Karakana, kwa madhumuni ya makala haya, ni banda lolote lenye paa la bati, benchi, randa na redio.

Fasili

Mashine ya CNC ni meza iliyopitiwa na daraja. Darajani imening'inia mota inayozungusha biti, aghalabu hadi mara 24,000 kwa dakika, na kompyuta huipeleka biti hiyo kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, kwa kufuata namba tupu. Ukoo wake ni wa heshima. John Parsons wa Michigan alikuwa akihangaikia mapangaboi ya helikopta, na mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT, kule Massachusetts, wakaonyesha hadharani mashine ya kukata chuma inayoongozwa na namba. Zaidi ya miaka 70 baadaye, kitukuu wa mashine ile anachonga ubao wa kichwani wa kitanda cha tano kwa sita. Mtafiti haoni hadhi iliyoshuka hapo. Waliolala kitandani ni wengi kuliko waliopanda helikopta.

Mapitio ya nadharia

Kuna shule mbili za fikra. Shule ya Kijiweni inashikilia kwamba mashine "inafanya yenyewe", hivyo mafundi wajiandae kurudi kwenye viazi na migomba. Shule ya Benchi, inayoongozwa na wazee wenye penseli sikioni, inashikilia kwamba mashine haiwezi kuuona ubao, hivyo wanaoinunua wajiandae kurudi kwa wazee. Shule hizi hazijawahi kukaa kikao kimoja. Tutazipatanisha mwishoni, baada ya kupita ngeli zote.

Ngeli ya Kwanza: Usahihi wa Makaratasi

Huu ndio usahihi wa juu kuliko wote, na hufikia kilele kabla mashine haijaonekana. Ankara hutoka Jinan, mji wa jimbo la Shandong wenye viwanda vingi vya mashine hizi. Jina la mashine, 1325, ni vipimo vyake: eneo la kazi la milimita 1,300 kwa 2,500, ili karatasi ya plaiwudi ya futi nne kwa nane, yaani 1,220 kwa 2,440, ilale na kubakiwa na nafasi ya kupumua. Kosa la mashine limeandikwa kwa vijisehemu vya milimita.

Sifa bainifu ya ngeli hii ni kwamba kila kilichoandikwa ni kweli, ila mnunuzi husoma nusu. Bei ya "FOB Qingdao" huishia mzigo ukiwa juu ya meli; bahari, bandari, wakala, fuso na mlima wa Kitonga ni vya mnunuzi. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mashine za kutengenezea mbao, zenye namba 8465, ziko kwenye sifuri. Mnunuzi akisikia sifuri huacha kusikiliza, wakati sentensi inaendelea hadi kwenye VAT ya asilimia 18. Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha unaotambuliwa na shirika la viwango, TBS, hufanyika kule mzigo unakotoka. Anayeukumbuka akiwa Dar es Salaam amechelewa kwa bahari nzima, na kila siku ambayo mzigo haujagombolewa ina bei yake.

Mfano bora kabisa wa ngeli hii umo kwenye kibati cha mota na cha inveta inayoilisha mota hiyo umeme. Kwa kawaida vifaa hivi vimekadiriwa kufanya kazi kikamilifu hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya hapo hewa nyepesi haipoozi vizuri, na nguvu hupunguzwa kwa takriban asilimia moja kila mita 100. Tukuyu iko juu ya mita 1,500. Kwa maneno mengine, kibati kile ni sahihi kabisa kwa Kyela.

Ngeli ya Pili: Usahihi wa Sakafu

Sakafu nyingi za Rungwe zimemwagwa zikiwa na mteremko kidogo ili maji ya mvua yatoke mlangoni. Ni sakafu zenye busara. Mashine yenye uzito wa zaidi ya tani moja haina habari na busara hiyo, hivyo miguu yake hupandishwa na kushushwa kwa bolti, pimamaji likiwa juu ya reli, hadi pembe zote zikubaliane.

Baada ya pimamaji huja skwea, na hapa sayansi ya Massachusetts inapigwa na kamba ya mwashi. Kila anayejenga msingi wa nyumba anaijua tatu-nne-tano. Mwenye mashine naye aiamuru biti itoboe matundu manne, pembe za mstatili wa milimita 1,200 kwa 1,600, kisha apime mshazari mmoja na mwingine. Yote miwili lazima isome 2,000. Ikisoma 2,002 na 1,998, daraja limekaa upande, na kila mlango utakaotoka hapo utakubali kufunga kona tatu tu.

Mwisho wa ngeli hii ni tohara ya meza. Juu ya meza hufungwa ubao wa MDF wa kutolewa kafara, kisha mashine huamriwa kuukwangua wote kwa kina kidogo. Tangu hapo meza na biti zimekubaliana. Hazijakubaliana na dunia, ila kwa kazi ya useremala makubaliano yao wawili yanatosha.

Ngeli ya Tatu: Usahihi wa Umeme

Muuzaji huuliza: "220 au 380?" Mnunuzi hujibu: "Wa TANESCO." Jibu hili lina ukweli kuliko linavyoonekana. Tanzania hutumia volti 230 kwa fezi moja na 400 kwa fezi tatu, China 220 na 380, na nchi zote mbili huenda kwa hezi 50. Mifumo hii ni ndugu, na mabishano yao ni ya kifamilia. Mota ya biti yenyewe ni ya fezi tatu, lakini inveta inaweza kuzitengeneza tatu kutoka moja, na papo hapo kuzipandisha hezi 50 hadi 400, ndiyo maana zile 24,000 kwa dakika zinapatikana. Banda lenye fezi moja halikatazwi kuota, mradi liote mota ya wastani.

Ngeli hii ina vijingeli vinne. Cha kwanza ni umeme kamili. Cha pili ni umeme mdogo: taa inawaka, redio inaimba, inveta inakataa. Cha tatu ni umeme wa kurudi, unaoingia kwa kishindo kama mgeni aliyesukuma mlango akidhani umefungwa. Cha nne ni wa radi, na dawa yake ni kuchomoa plagi mapema.

Umeme ukikatika katikati ya ua, mota za kawaida za mashine hizi hazikumbuki zilipofika. Fundi aliyeweka alama ya sifuri yake kwenye meza huirudisha biti pale pale na kuendelea. Asiyeweka hukisia, na ua lake linapata vitovu viwili. Kinga nyingine ni ethi. Bila nguzo ya kweli iliyozama ardhini, makelele ya umeme kutoka kwenye inveta huweza kuichanganya kompyuta, daraja likaenda lisikotumwa. Udongo wenye unyevu hupokea umeme vizuri kuliko mkavu, na hii ni mara pekee katika utafiti huu ambapo mvua ya Rungwe inaunga mkono maendeleo ya viwanda.

Ngeli ya Nne: Usahihi wa Mbao

Hapa tunaingia ngeli yenye hiari yake. Ubao wa "mbili kwa nne" huitwa hivyo kwa heshima. Tepu ina maoni tofauti. Hilo ni dogo. Kubwa ni maji. Paini iliyopasuliwa sasa hivi inaweza kubeba maji yenye uzito kuzidi mbao yenyewe. Maji yale yakishuka chini ya takriban asilimia 30, mbao huanza kusinyaa, na husinyaa zaidi kwa kufuata duara za ukuaji kuliko kwa kuzikata. Hivyo hainywei tu, inajikunja.

Sehemu kubwa ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao inayohesabiwa kavu Lufingo ikipelekwa Dodoma huendelea kukauka bila kumuuliza fundi. Mashine imekata paneli kwa usahihi wa sehemu za kumi za milimita, na paneli imejirekebisha kwa milimita kadhaa nzima. Mtafiti anaweka kanuni: kipimo kilichochorwa juu ya maji hudumu kadiri maji yanavyodumu.

Chombo cha kupimia ngeli hii kilikwishakuwepo karakanani. Ni mzee wa Shule ya Benchi, anayeuinua ubao kwa upande mmoja, akaugonga kwa fundo la kidole, akaunusa, kisha akasema, "Huu bado." Usahihi wake haujaandikwa popote kwa asilimia. Hata hivyo mbao alizozikataa, zikapangwa juu ya fito chini ya paa upepo ukapita katikati, hazijamrudisha mteja akiwa na mlango uliopinda.

Ngeli ya Tano: Usahihi wa Mteja

Ngeli hii ndiyo pana kuliko zote, na sampuli moja itatosha.

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Nataka mlango kama ule wa mchungaji.

— Upana wake?

— Wa kawaida.

— Urefu?

— Uzidi ule wa mchungaji kidogo. Baba watoto ni mrefu.

Vipimo vilivyomo humo ni vinne: *kama ule*, *wa kawaida*, *kidogo*, na baba watoto. Kuna pia kijingeli cha picha ya simu, ambamo mlango wa jumba la ghorofa unaombwa utoshe fremu ya chumba cha uani. Tena kitanda huagizwa kwa futi, mlango kwa inchi, kabati kwa sentimita, wakati mwingine na mteja yule yule kabla hajamaliza chai. Mashine inajua namba tu, na kizio huambiwa kwa amri moja: G20 ni inchi, G21 ni milimita. Kijana wa kompyuta akiisahau, mlango wa inchi 80 husomwa milimita 80, ukatoka umechongwa vizuri, wenye maua yote, wa kutosha mfuko wa shati.

Mjadala

Sasa tuzipatanishe shule. Katika kazi ya mkono, kosa la ngeli yoyote hutibiwa njiani. Sakafu imeinama? Kabari. Ubao umejikunja? Randa. Mteja hakueleweka? Atapita Jumanne, atauona mlango ukiwa nusu, atasema "hapana, sivyo", na patasi itabadili njia. Karakana imekuwa ikizalisha milango iliyonyooka kutokana na vitu visivyonyooka, kwa sababu jicho la fundi linakaa ndani ya kazi muda wote.

Mashine haisimami kuuliza. Kosa uliloingia nalo ubao ndilo utakalotoka nalo, likiwa limepigwa msasa. Kwa hiyo jicho la fundi halijafukuzwa kazi, limepangiwa zamu ya asubuhi: yote yaliyokuwa yakirekebishwa wakati wa kukata, sasa hurekebishwa kabla ya kubonyeza kitufe. Shule ya Kijiweni imekosea, maana mwenye shughuli nyingi kuliko wote kabla ya kitufe ni mzee. Shule ya Benchi nayo imekosea, maana mashine haihitaji kuuona ubao ikiwa kuna aliyekwisha kuuona kwa niaba yake.

Kanuni kuu ya elimu hii ni hii: usahihi wa karakana ni sawa na usahihi wa ngeli yake iliyo dhaifu kuliko zote. Kuongeza sifuri nyingine baada ya nukta kwenye Ngeli ya Kwanza hakuipunguzii paini tone la maji.

Mapendekezo

Anayepiga hesabu ya mashine asianze na ankara. Aanze na banda la kukaushia mbao, kisha sakafu, kisha fundi umeme anayechimbia ethi kweli kweli. Kijana wa kuchora apelekwe kujifunza meli ikiwa bado haijang'oa nanga. Mbeya mjini kuna VETA, SIDO na chuo kikuu cha MUST, na nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko paini moja iliyoharibika. Ukutani ubandikwe ubao wa maswali kwa mteja, vipimo vyote kwa milimita, na mteja asaini kabla ya kutoa malipo ya awali.

Pendekezo la mwisho ni la mshahara. Katika karakana yenye mashine ya CNC, fundi mzee alipwe kwa idadi ya mbao alizozikataa.