Bado Mapema, Ami

Mwanafunzi wa chuo kikuu si mvivu. Nalisema hili kwa uchungu, maana ninaye mmoja nyumbani. Mtoto wa kaka yangu kavuka kutoka Mkoani kuja kwetu Makoongwe aandike utafiti kwa utulivu. Tangu aje amefagia ua, amesuka dema la jirani, na juzi kajitolea kwenda kuchuma karafuu, kazi ambayo mwaka jana ilimtia kizunguzungu. Utafiti wenyewe una jina lake, jina la msimamizi na mada. Ukimuuliza: "Bado mapema, Ami."

Kumbe wako wengi. Mwaka 2007 Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alipitia tafiti chungu nzima na kutaja makadirio kwamba wanafunzi wa vyuo wanaoahirisha kazi ni asilimia 80 hadi 95. Waliobaki, mie nadhani hawajarudisha dodoso. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wakaeleza kwamba anayeahirisha huwa anakimbia ile karaha inayompata akiitazama kazi. Hapo nakubali. Huyu wangu akifungua laptopu, utadhani anafunua sanda.

Lakini vijana peke yao siwatupii lawama. Darasa lina mamia ya watu, karatasi inarudi wiki ya mtihani ikiwa na alama tupu bila neno la maelezo. Nani ahangaike mapema? Na mhadhiri akiombwa aongeze wiki, anaongeza, kwani naye hajamaliza kusahihisha za mwanzo. Hapa kisiwani maji yakishakupwa chombo kimekaa mchangani, na hakuna wa kumwandikia barua ya kuomba muda.

Basi kazi inafanywa usiku wa mwisho. Madesa yanazunguka WhatsApp, mtu anakopi na kupesti mpaka anasahau kufuta jina la mwenzake ukurasa wa tatu. Saa sita kasoro dakika mbili darasa zima linapakia kwa pamoja, mtandao unagoma, lawama zote unabebeshwa mnara wa simu. Atakayeanguka atangoja sapu. Atakayepita amefaulu, na ikifika alfajiri hakumbuki alichoandika.

Kinachonikera zaidi ni kwamba huyu anasomea ualimu. Kesho kutwa atapangiwa skuli, pengine hizi hizi za kwetu, asimame mbele ya wajukuu zangu. Mada aliyoisoma kati ya saa nne na saa sita usiku ataifundisha mpaka astaafu, na watoto wataiandika kwenye madaftari kama ilivyo, na kosa lake.

Jana kaniomba hela ya bando apakue makala za kitaaluma. Nikampa. Sasa hivi namsikia chumbani anacheka peke yake, na makala za namna hiyo, nijuavyo mie, hazichekeshi.